Fahari ya Mbio na Haja ya Safari

Msomaji wangu, yamkini umepata kuiona picha ya gari la mbio la umeme lililotiwa injini ndogo za turbini nyuma ya kiti cha dereva. Ni gari zuri, wala sina haja ya kuukana uzuri wake. Vijana wengi wa Kisumu wanayo picha ya namna hiyo katika simu zao, na nimewasikia zaidi ya mara moja, pwani ya Dunga na katika msongamano wa Kondele, wakisema kwamba maendeleo ya umeme ni yale ya gari lile, na kwamba pikipiki ya umeme ipitayo kimya mbele yao ni mchezo wa maskini. Insha hii nimeiandika ili kulipinga neno hilo. Mimi nasema kinyume chake: pikipiki ile imekwisha kulijibu swali ambalo gari la fahari halikuweza kulijibu, na mtu wa ziwani ana mengi ya kumfundisha mjenzi wa gari lile.

Kwanza tutende haki, maana mshindani asiyeeleza hoja ya mwenzake sawasawa hajashinda kitu. Turbini ni gurudumu lenye mapanga mengi madogo. Hewa huvutwa na kushindiliwa, mafuta huchomwa ndani ya hewa hiyo bila kukoma, na hewa ile ya moto inapotanuka husukuma mapanga yakazunguka. Katika injini ya kawaida pistoni hupanda na kushuka; katika turbini kazi yote ni mzunguko mmoja. Kwa hiyo viungo vyake vitembeavyo ni vichache, mtetemeko wake ni mdogo, na uzito wake ni mwepesi kwa nguvu itoayo. Tena si mchaguzi wa mafuta: dizeli, petroli, mafuta ya taa, hata gesi, vyote huweza kuitumikia ikiwa imetengenezwa kwa ajili yake. Katika gari la umeme turbini haigusi magurudumu. Kazi yake ni kuzungusha jenereta, jenereta itie betri chaji, na betri iendeshe mota. Dereva akiishiwa na chaji mbali na mji, turbini huwashwa na safari huendelea. Hiyo ndiyo hoja yao, nami nakiri kwamba si hoja ya kijinga.

Lakini hoja hupimwa kwa matendo. Mwaka 1950 kampuni ya Rover ya Uingereza ilionyesha gari liitwalo JET1, lililoendeshwa kwa turbini. Mwaka 1952 lilikimbia zaidi ya kilometa 240 kwa saa katika barabara ya Jabbeke, Ubelgiji. Watu walistaajabu, lakini mafuta yalipopimwa ilionekana kwamba lita moja ililifikisha kilometa mbili tu au zaidi kidogo. Mwaka 1963 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilianza kuwakopesha watu wa kawaida magari 50 ya turbini, wayatumie na kutoa maoni yao. Watu zaidi ya 200 waliyaendesha hadi mwaka 1966. Jaribio likaisha, magari hayakuuzwa, na mengi yakavunjwavunjwa.

Watetezi watajibu kwamba katika magari yale turbini iliendesha magurudumu yenyewe, ikalazimika kubadili mwendo kila dereva alipotaka, jambo lisilopatana na tabia yake. Bali katika gari la umeme huzunguka kwa mwendo mmoja ulio bora kwake. Jibu hili lina ukweli. Basi tulitazame gari lililobuniwa kwa fikira hiyo hasa. Mwaka 2010, katika maonyesho ya magari ya Paris, kampuni ya Jaguar ilitoa gari liitwalo C-X75. Lilikuwa na mota nne, moja kwa kila gurudumu, kila mota ikiwa na nguvu ya kilowati 145. Nyuma ya dereva zilikaa turbini mbili ndogo zilizotengenezwa na kampuni ya Bladon Jets, kila moja ikitoa kilowati 70 na kuzunguka mara 80,000 kwa dakika. Betri yake ilichukua kilowati-saa 19.6. Wenyewe walisema kwamba kwa betri peke yake gari lingekwenda kilometa 110, na kwa msaada wa turbini lingefika kilometa 900.

Sasa chukua kalamu, maana tarakimu hazioni haya mbele ya tajiri. Mota nne zikifanya kazi kwa nguvu zote hutaka kilowati 580. Turbini mbili kwa pamoja hutoa 140. Zilizobaki, kilowati 440, ni lazima zitoke katika betri. Betri ya kilowati-saa 19.6 ikitolewa kilowati 440 haidumu dakika tatu. Bila shaka hakuna barabara ya kumruhusu dereva akanyage hadi mwisho kwa dakika tatu nzima. Lakini hesabu yatufunza jambo moja. Mbio zile zilizosifiwa na zile kilometa 900 zilizosifiwa haziwezi kupatikana katika safari moja. Anayetaka kilometa 900 yampasa aende polepole kama watu wengine. Na anayetaka mbio, turbini zake haziwezi kumfuata.

Je, gari hilo liliishia wapi? Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba yangetengenezwa magari yasiyozidi 250 kwa ajili ya matajiri; lakini katika magari hayo turbini ziliachwa, mahali pake ikatiwa injini ya petroli ya lita 1.6. Desemba 2012 shauri lote likasimamishwa kwa sababu ya hali ya uchumi. Angalia vizuri, msomaji. Walioitupa turbini hawakuwa maadui zake. Walikuwa ndio hao hao walioisifu mbele ya ulimwengu. Na Bladon wenyewe baadaye waliielekeza akili yao katika jenereta za minara ya simu, kazi isiyo na fahari lakini yenye maana.

Watakuja wengine na hoja ya umbali. Watasema: kutoka Kisumu hadi Nairobi ni kama kilometa 350, na kabla ya kufika Kericho barabara hupanda kutoka usawa wa ziwa, meta 1,130 hivi, hadi karibu meta 2,000 na zaidi. Betri itatosha wapi? Heri kubeba injini. Nami nawauliza: mwenye gari huenda Nairobi mara ngapi? Nani kati yetu hutembea kila siku na mtungi wa maji kichwani kwa sababu iko siku moja ambayo kisima kitakuwa mbali? Injini ya akiba hupakiwa katika gari siku zote. Huongeza uzito siku zote, hutaka fundi, hutaka tangi, hutaka nafasi, kwa ajili ya haja ya siku chache. Dawa ya njia ndefu ni visima vingi njiani. Weka mahali pa kuchajia Kericho, Nakuru na Naivasha, na kilometa 350 zitagawanyika vipande ambavyo gari la kawaida la umeme huweza kuvimaliza.

Wengine watasema turbini ni rafiki wa maskini kwa kuwa hula mafuta ya kila namna. Mtu alaye kila chakula hujisifu tu mradi asiulizwe ni nani anunuaye. Mafuta yachomwayo na vyombo vyetu hutoka ng'ambo, hupakuliwa Mombasa, na kufikishwa Kisumu kwa bomba. Bei yake huamuliwa mbali nasi, tena hulipwa kwa fedha ya kigeni. Juu ya hayo turbini ndogo ni mlafi kuliko turbini kubwa. Katika gurudumu dogo, ufa uliopo kati ya ncha ya panga na ukuta wake ni mkubwa kwa kulinganisha na panga lenyewe, na hewa nyingi hupenya hapo bila kufanya kazi. Joto nalo hupotea upesi. Ndiyo sababu ndege kubwa hunufaika na turbini, na gari dogo hupata hasara.

Iko hoja ya tatu, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote: kwamba fahari huzaa uvumbuzi, na kwamba lililo la tajiri leo litakuwa la wote kesho. Sikatai kwamba yametokea. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yamewafundisha watengenezaji wa magari mengi juu ya mashimo na matope yetu. Nayo yamepata kuonja umeme: kuanzia mwaka 2022 hadi 2024 magari ya daraja la juu yaliyoshindana Naivasha yalikuwa na mota ya umeme pamoja na injini ya petroli. Lakini mwaka 2025 mota hizo ziliondolewa, kwa kuwa zilikuwa ghali na kuongeza uzito. Mashindano yalikwisha kuonja umeme na kuutema, lakini waendesha pikipiki hawakungoja ruhusa yao. Basi tusiamini kwamba maendeleo hushuka siku zote kutoka kwa tajiri kama mvua itokayo mawinguni. Mara nyingine hupanda kutoka chini kama mmea.

Hapa yanipasa kueleza neno ambalo likiachwa nitaeleweka vibaya. Mimi si adui wa turbini. Turbini ina mahali pake, na mahali pake pa kwanza ni ardhini, ikiwa imesimama imara, kubwa, ikizungushwa na nguvu isiyonunuliwa dukani. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke wa ardhini umekuwa ukizungusha turbini tangu mwaka 1981. Na hapa kwetu, katika mto Sondu, maji huongozwa katika njia ya chini ya ardhi, huzungusha turbini za kituo cha Sondu-Miriu chenye uwezo wa megawati 60, kisha huendelea na safari yake ziwani. Kwa hiyo kijana aliyemdharau mwendesha pikipiki wa Kondele hakujua alichokidharau. Pikipiki ile nayo huendeshwa kwa turbini! Tofauti ni kwamba mwenyewe hakuibeba mgongoni. Ameiacha Olkaria na Sondu, naye amebeba umeme wake tu.

Mfano mwingine uko Muhoroni, mwendo wa saa moja hivi kutoka Kisumu. Mwaka 2016 turbini ichomayo mafuta ilihamishwa kutoka Embakasi, Nairobi, ikasimikwa huko ili kuutegemeza umeme wa magharibi ya Kenya. Sababu ilikuwa ya haki: nyaya za kuleta umeme huku zilikuwa dhaifu, na mto Sondu, usio na bwawa kubwa la akiba, hupungua nguvu wakati wa kiangazi. Lakini mafuta ya mtambo wa namna hiyo yana gharama kubwa, na gharama ya mafuta huandikwa katika hati ya malipo ya umeme ya kila mteja. Mama auzaye samaki Kibuye, aliyewasha taa moja, ameichangia. Hiyo ndiyo sura halisi ya injini ya akiba ikiondolewa rangi na ikiondolewa mbio: ni gongo la kutembelea. Gongo ni jambo la heshima kwa mwenye mguu uliovunjika, wala hakuna mwenye akili atakayemcheka. Lakini mguu ukipona, gongo huwekwa kando; na ndiyo maana ilijengwa njia ya umeme mkubwa kutoka Olkaria kupitia Lessos hadi Kisumu. Ni ajabu kubwa basi kumwona mtu mzima mwenye miguu miwili akilinunua gongo la dhahabu na kulitembelea mjini ili asifiwe.

Sasa twende ziwani, kwa wavuvi wa omena. Omena huvuliwa usiku usio na mwezi, kwa kuvutwa na mwanga. Kwa miaka mingi mwanga huo ulitoka katika taa za karabai zilizokula mafuta ya taa usiku kucha, na mvuvi aliporudi asubuhi sehemu ya pato lake ilikuwa imekwisha kuteketea ndani ya taa. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ya Ujerumani ilianzisha huko Mbita kituo cha kuchajia taa za betri kwa nguvu ya jua. Mvuvi hakulazimika kuununua mtambo wa jua, wala kubeba jenereta katika mtumbwi wake. Alichukua taa iliyojaa, akaenda kuvua, akairudisha asubuhi ijazwe tena. Swali la turbini na swali la mvuvi ni moja: nifanye nini ili umeme wangu usiishe kabla ya kazi yangu? Mmoja alijibu, nitabeba injini. Mwingine akajibu, kitu kilichojaa kitaningojea pwani. Ni yupi aliyefikiri vizuri zaidi?

Jibu la mvuvi ndilo lililopanda bodaboda. Mwendesha pikipiki ya umeme akiishiwa hufika kituoni, huitoa betri iliyokwisha, hutia iliyojaa, na kuondoka kabla abiria hajamaliza mazungumzo yake ya simu. Tena fanya hesabu nyingine. Betri ya pikipiki za namna hii aghalabu huchukua kilowati-saa mbili hadi tatu. Umeme uliojaza betri moja ya gari la fahari ungejaza betri sita za pikipiki. Tuseme kila moja yaenda kilometa 60. Jumla ni kilometa 360, na katika kila kilometa yuko abiria, au gunia la mchele wa Ahero, au mgonjwa apelekwaye hospitali. Gari la fahari kwa umeme ule ule laenda kilometa 110 na mtu mmoja au wawili. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Tajiri aliuona umeme ule haumtoshi hata kwa safari moja. Kwa watu sita wa Kisumu ni riziki ya siku.

Wala umeme wenyewe haukosekani usiku. Watu wakilala mahitaji hupungua, na huko Olkaria imetukia mara nyingi mvuke ukaachiliwa hewani bure kwa kuwa hakuna wa kuutumia. Mwaka 2023 Kenya iliweka bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, iliyo nafuu zaidi katika saa za usiku. Mvuke upoteao usiku ungeweza kuwa mwendo wa asubuhi. Nionyeshe turbini ya gari iwezayo kufanya hivyo.

Lakini sitaki uondoke ukidhani upande wangu hauna doa. Unalo, tena ni vema tuliseme wenyewe kabla halijasemwa na wapinzani. Katika mipango mingi ya pikipiki za umeme mwendeshaji ni mwenye chombo, lakini betri ni ya kampuni. Betri ya kampuni moja haiingii katika pikipiki ya kampuni nyingine. Kampuni ikipandisha bei, au ikifunga kituo chake, mtu hubaki na chuma kisichokwenda, na deni juu yake. Mtumai cha nduguye hufa maskini. Petroli ni ghali, lakini huuzwa kwa kila mtu katika kila kituo, na hapa lazima tukiri kwamba imetushinda. Tena vituo vimependelea miji. Mtu wa Usenge, wa Luanda Kotieno au wa kisiwa cha Mfangano ana haja ya umeme kuliko mtu wa mjini, na yeye ndiye anayefikiwa mwisho. Mashua zenye mota za umeme zimeanza kujaribiwa ziwani. Zitakuwa na faida gani ikiwa mvuvi atafunga safari nzima kutafuta chaji?

Hapo ndipo vita halali vilipo, na hapo ndipo akili yako inapotakiwa. Usiniulize gari gani lina mbio zaidi. Niulize kwa nini betri zote zisiwe na kipimo kimoja na mlango mmoja, ili kila kituo kihudumie kila pikipiki. Uliza ni nani atakayemfundisha fundi wa Kibuye, aliyezoea kabureta na plagi, kuifungua betri bila kujiunguza na kuitengeneza bila kungoja mtaalamu kutoka mbali. Uliza betri zilizozeeka zitatupwa wapi, maana zikitupwa ziwani tutakuwa tumebadili uchafu tu. Maswali haya hayana picha nzuri, lakini kila moja lina watu nyuma yake wanaongoja jibu.

Nawe utalijibu kwa nini kama si kwa masomo yako? Nimeonyesha katika kurasa hizi kwamba hesabu ya kugawanya peke yake ilitosha kuivua nguo sifa ya gari lile. Hukuhitaji kwenda Paris. Ulihitaji kujua kilowati ni nini na kilowati-saa ni nini, na kutokubali kuduwazwa na rangi. Vijana waliokaa Dunga wakiitazama picha hawakukosa akili. Walikosa kuuliza maswali mawili tu: mtambo huu humsaidia nani, na mafuta yake hulipwa na nani?

Usiku wa leo, kama mwezi haupo, simama katika kilima cho chote kinachotazama ziwa, upande wa Mbita au Rusinga. Utaona taa nyingi juu ya maji, kama mji uliojengwa ziwani. Nyingi kati ya hizo zilijazwa pwani jana, na zitarudishwa kujazwa tena kesho. Kisha uitazame tena ile picha iliyo katika simu yako, ukaamue mwenyewe ni wapi umeme umefika mbali zaidi.